Muziki wa Sherehe Ulioandikiwa Wanafunzi



Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike makala ya historia itakayowafaa wote, yaani sisi tuliokwisha kuhitimu na ninyi vijana mlioko madarasani hivi sasa. Nimechagua historia ya muziki, na hasa muziki wa sherehe uliotungwa kwa ajili ya wanafunzi. Sikuchagua jambo hili kwa kupenda anasa. Mkutano wetu wa mwaka huu utaamua namna ya kutumia michango ya wanafunzi wa zamani, na mbele ya kamati zipo hoja mbili. Ya kwanza ni kukarabati bweni. Ya pili ni kufufua bendi ya shule, na kumwomba mwalimu mwenye ujuzi atutungie muziki wetu wenyewe wa kufungulia sherehe.

Katika kikao cha maandalizi kilichofanyika Makambako, mjumbe mmoja aliuliza, "Tangu lini tarumbeta ikamfaulisha mtu mtihani?" Watu walicheka sana, na hoja ya pili nusura izikwe palepale. Mimi sikucheka, wala sikumkasirikia mjumbe yule, maana swali lake ni la haki. Mtumishi wa serikali kama mimi, anayeshinda kutwa akipitia makadirio ya matumizi, anajua fika kwamba shilingi moja haiwezi kwenda mahali pawili. Lakini swali la haki linastahili jibu, na kicheko si jibu. Mimi jibu langu nimelitafuta katika historia.

MANENO KWANZA

Kabla hatujaenda mbali ni vema tuelewane maneno. Kwetu Tanzania neno okestra hutukumbusha bendi za dansi. Wazee wetu waliofika Dar es Salaam walicheza muziki wa Orchestra Maquis na Orchestra Safari Sound, na kwao okestra ni magitaa, tumba na saksafoni. Okestra ninayoisema hapa ni ile yenye asili ya Ulaya. Ni kundi kubwa la wapigaji, pengine sitini au themanini, wenye fidla ndogo na kubwa, filimbi, tarumbeta na ngoma, wote wakifuata nota zilizoandikwa na wakiongozwa na mtu mmoja aliyeshika kijiti.

Okestra hiyo ina aina ya muziki uitwao muziki wa ufunguzi. Hapo zamani ulipigwa kabla ya pazia kufunguliwa katika michezo ya kuigiza kwa kuimba. Kazi yake ilikuwa kuwatuliza wasikilizaji na kuwadokezea mambo yatakayofuata. Baadaye watunzi wakaanza kuutunga peke yake, bila mchezo wowote, kwa ajili ya sherehe: kuzindua jumba, kukumbuka ushindi, au kumpa mtu heshima. Ni muziki mfupi, aghalabu wa dakika kumi hivi, na unatakiwa uwachangamshe watu.

Mfano mashuhuri ni ule wa Mjerumani Johannes Brahms. Mwaka 1879 Chuo Kikuu cha Breslau, mji ambao siku hizi unaitwa Wrocław na uko nchini Poland, kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Brahms aliona ujumbe mfupi wa shukrani unatosha. Rafiki yake mmoja akamkumbusha kwamba chuo kinatarajia muziki. Basi wakati wa kiangazi cha mwaka 1880 aliketi akatunga, na tarehe 4 Januari, 1881 aliuongoza mwenyewe mbele ya wakuu wa chuo. Ndani ya muziki ule alizisuka nyimbo za wanafunzi, zile walizozoea kuimba wakiwa vilabuni na vikombe mkononi. Wafikirieni maprofesa wenye ndevu na majoho wakisikia nyimbo za ujana wao zikipigwa kwa heshima zote na fidla na tarumbeta!

Lakini angalieni jambo moja. Muziki wa Brahms uliwahusu wanafunzi, ila haukuandikwa ili upigwe na wanafunzi. Wao walikuwa habari tu, na wapigaji walikuwa watu wazima wenye kazi hiyo. Ilibidi miaka zaidi ya hamsini ipite ndipo tupate kisa ninachotaka kuwasimulia.

NEW YORK, MWAKA 1938

Mnamo mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka vibaya. Mabenki yalifungwa, viwanda vilisimama, na mamilioni ya watu walikosa kazi. Hali hiyo ilidumu kwa miaka kumi hivi. Katikati ya dhiki hiyo, mwaka 1936, Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alianzisha shule ya sekondari ya umma kwa ajili ya vijana wenye vipawa vya muziki na uchoraji. Ilikuwa shule ya bure, na mtoto aliingia kwa kupimwa kipawa chake, si kwa mfuko wa baba yake. Bila shaka wapo waliouliza swali lilelile lililoulizwa Makambako. Watu wanapanga foleni ya supu, nanyi mnafungua shule ya fidla?

Mkuu wa idara ya muziki katika shule ile aliitwa Alexander Richter. Bwana huyu alikuwa na okestra ya wanafunzi, na alikuwa na jambo lililomkera. Karibu kila kitu walichokipiga kilikuwa ama kazi ya marehemu wa Ulaya, ama vipande vyepesi vilivyotungwa kwa haraka kwa ajili ya shule, visivyo na ladha. Richter akaanzisha kampeni ya kuwataka watunzi wakubwa wa nchi yake wawaandikie vijana wa nchi yake.

Mtu aliyemwendea alikuwa Aaron Copland. Mtunzi huyu alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 14 Novemba, 1900, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi waliokuwa na duka. Alisoma Paris kwa Mama Nadia Boulanger kuanzia mwaka 1921 hadi 1924, na aliporudi kwao alikwisha kuwa mtunzi wa kuheshimiwa. Mwaka 1937 alikuwa ametoa mchezo wa kuimba uitwao "The Second Hurricane", ulioandikwa uchezwe na wanafunzi wa sekondari, na Richter alipouona alitambua kwamba hapa yupo mtu anayewaheshimu vijana. Akamwomba atunge kipande kimoja cha okestra. Masharti yalikuwa machache: kiwe kifupi, cha dakika tano mpaka kumi, kiwe na moyo wa matumaini, na kiwapendeze vijana.

Copland wakati huo alikuwa katikati ya kazi nyingine kubwa, muziki wa baleti iitwayo "Billy the Kid". Angeweza kabisa kumjibu mwalimu yule kwamba hana nafasi. Badala yake aliisimamisha baleti na kuandika kwanza kazi ya wanafunzi. Alipomaliza alimpigia Richter kwa piano. Richter akasema muziki huu una hewa ya nje, ya uwanjani, na kutokana na maneno yake kazi ikapewa jina "An Outdoor Overture", yaani muziki wa ufunguzi wa mahali pa wazi. Ulipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 16 Desemba, 1938, katika ukumbi wa shule ileile, na okestra ya wanafunzi walewale, Richter akiwa mbele yao.

Nimeusikiliza muziki huo mara nyingi kwa kanda na kwa vyombo vya siku hizi. Unaanza kwa sauti ya fahari, wote kwa pamoja, kama watu wanaofungua milango miwili mikubwa. Kisha wote wananyamaza isipokuwa fidla, nazo hazipigwi kwa upinde bali zinadonolewa kwa vidole taratibu. Juu ya sauti hizo inapanda tarumbeta moja peke yake, na inaimba wimbo mrefu. Baada ya hapo ngoma ndogo inaingia na mwendo unakuwa wa kasi kama wa gwaride. Sauti nyororo za fidla zinapita, na mwishoni nyimbo zote zilizotangulia zinarudi zikiwa zimeunganishwa. Yote hayo hayafiki dakika kumi.

Ile tarumbeta ya peke yake ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Mtunzi alijua fika kwamba atakayeipiga ni kijana wa sekondari. Alijua kijana anaweza kutetemeka, mdomo ukakauka, sauti ikapasuka mbele ya wazazi wake. Hata hivyo alimwandikia wimbo mrefu na kumwacha peke yake. Wakati huohuo alimwekea chini yake fidla zinazokwenda pole, zisimfunike wala kumkimbiza. Kazi haikufanywa kuwa nyepesi kwa dharau, wala ngumu kwa majivuno. Ilipimwa. Sisi tuliofundishwa na walimu wazuri tunakijua kipimo hicho, maana mwalimu mzuri hukupa swali linalokuzidi kidogo tu, halafu akasimama karibu.

Tena muziki ule haukuishia shuleni. Okestra kubwa za watu wazima ziliuchukua zikaupiga, na Copland mwenyewe aliuandika upya kwa ajili ya bendi za tarumbeta na filimbi ili shule zisizo na fidla nazo ziupate. Mtunzi alifariki tarehe 2 Desemba, 1990, akiwa na umri wa miaka 90. Kazi aliyowaandikia wanafunzi bado inapigwa.

MWALIMU SONTONGA

Msomaji atasema: hayo ni ya New York, sisi tuko Njombe. Sawa. Basi na turudi Afrika, tena miaka arobaini nyuma ya Copland.

Mwaka 1897, katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, alikuwapo mwalimu kijana aitwaye Enoch Sontonga. Alikuwa Mxhosa, mtu wa kwaya, na alikuwa na desturi ya kutunga nyimbo na kuwaimbisha wanafunzi wake. Aliziandika katika daftari kwa nota za do-re-mi, nota ambazo wanakwaya wa Tanzania hawahitaji kuelezwa. Hakuwa na okestra, wala piano ya fahari, wala shahada ya heshima. Alikuwa na sauti za watoto. Wimbo mmoja kati ya hizo ni "Nkosi Sikelel' iAfrika".

Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka mchungaji wakfu. Kisha kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa mwaka 1901 na John Dube kule Natal, iliuchukua na kuutembeza katika maonyesho yake. Sontonga alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1905, akiwa kijana bado. Tarehe 8 Januari, 1912, kilipoanzishwa huko Bloemfontein chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress, uliimbwa katika kufunga mkutano. Mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, sauti yake ikawa wimbo wetu wa taifa kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo ilipopata uhuru mwaka 1964 ilichukua sauti hiyohiyo, na ingawa ilitafuta maneno mengine, sauti haikubadilika. Afrika ya Kusini yenyewe iliupokea rasmi baada ya ubaguzi kuanguka mwaka 1994.

Watu wa Makambako wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Reli ya TAZARA inayopita pale, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa rasmi mwezi wa Oktoba, 1970, na ilikabidhiwa kwa serikali mbili tarehe 14 Julai, 1976. Reli ile ina nchi mbili, bendera mbili na sarafu mbili, lakini mwanzo wake na mwisho wake zinaimbwa sauti za wimbo mmoja. Na sauti hizo zilitungwa na mwalimu wa shule kwa ajili ya wanafunzi.

Sisemi kwamba kila wimbo wa shule utakuwa wimbo wa taifa. Ninalosema ni kwamba hakuna aliyekuwapo Nancefield mwaka 1897 ambaye angeweza kukisia. Kama mweka hazina wa misheni ile angeuliza kwaya inamfaulisha nani mtihani, Sontonga angekosa la kujibu.

TARUMBETA NYUMBANI KWETU

Wapo wanaodhani tarumbeta ni kitu kigeni Njombe. Si kweli. Wamisionari wa Berlin walifika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, wakaanzia upande wa Unyakyusa, na baadaye wakaja Ubena na kuanzisha vituo kama Kidugala, Ilembula na Lupembe. Walitoka katika nchi ambayo kwaya za tarumbeta zilikuwa zimeenea makanisani tangu katikati ya karne ya 19. Kiongozi mashuhuri wa kwaya hizo alikuwa mchungaji Johannes Kuhlo, aliyeishi kati ya mwaka 1856 na 1941. Yeye alihimiza kwamba wapiga tarumbeta wasome nota zilezile zinazosomwa na waimbaji, ili mwanakijiji asiye na elimu kubwa ya muziki aweze kufungua kitabu kimoja na jirani yake na kupiga naye. Hiyo ilikuwa hekima kubwa. Mpaka leo katika usharika nyingi za Kilutheri za mkoa wetu tarumbeta ziko kazini, harusini na mazishini.

Upande wa Pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1890 vijana wa Mombasa na Lamu waliona bendi za kizungu zikipiga gwaride, wakatoka nazo wakazigeuza kuwa ngoma ya beni. Zikazuka pande mbili za mashindano, Marini na Arinoti. Vita Kuu ya kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918 ikawatawanya askari na wapagazi, na beni ikasambaa nao hadi bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975.

Na mwambao wa Ziwa Nyasa walifanya makubwa zaidi. Hawakuwa na fedha ya kununua shaba, lakini walikuwa na vibuyu. Walitoboa vibuyu, wakavitia utando mwembamba, na mtu akiimba ndani yake sauti inatoka ikiunguruma kama tarumbeta. Wakaongeza ngoma kubwa, wakajipanga safu kwa safu, wakavaa nadhifu, na ngoma ya mganda ikazaliwa. Aliyewahi kuona mganda ukichezwa hawezi kuniambia kwamba muziki mkubwa lazima usubiri fedha kubwa.

Ninapoyaweka hayo pamoja naona kwamba Njombe ina karibu kila kinachohitajika. Mkoa wetu, uliotengwa kutoka Iringa mwaka 2012, una wapiga tarumbeta wanaosoma nota, una kwaya zinazojua do-re-mi, na kwa upande wa Ludewa una ziwa na ngoma zake. Kitu tusichokuwa nacho ni muziki ulioandikwa kwa ajili ya vijana wa shule hii, ambao mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ataukuta na wa Kidato cha Sita atauacha.

KILICHOTOKEA KWA BENDI YETU

Katika miaka yangu shuleni, miaka ya 1990, bendi ilikuwapo. Wapigaji wake wazuri walikuwa ni wale waliokuja na ujuzi kutoka kwao, wakiwa wamefundishwa na wajomba na baba zao katika kwaya za tarumbeta. Asubuhi za baridi ya Juni, ukungu ukiwa umetanda mpaka madirishani, chuma kilikuwa cha baridi hata midomo ikauma, lakini walipiga. Walipomaliza shule waliondoka na ujuzi wao. Hakuna kilichokuwa kimeandikwa. Kila bendi ya shule hupoteza wapigaji wake kila mwaka, kwa sababu kuhitimu ndiko kusudi la shule. Bendi inayotegemea vichwa vya watu hufa polepole. Ile inayotegemea karatasi, na utaratibu wa mdogo kuketi karibu na mkubwa akajifunza, huishi. Vijana waliopiga pale New York mwaka 1938 walihitimu wote, lakini muziki ulibaki kabatini ukawangoja wengine.

Leo ninapohudhuria mahafali za shule mbalimbali katika mkoa huu naona jambo moja. Muziki unatoka kwenye spika za kukodi. Anayezungumza ni mshereheshaji wa kukodi. Wanafunzi, ambao sherehe ni yao, wamekaa kwenye viti vya plastiki wakisikiliza nyimbo za watu wengine katika siku yao wenyewe. Tumewapa sherehe na kuwanyang'anya kazi ya kuifanya. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo sababu ya makala haya.

JIBU LANGU KWA MJUMBE

Sasa nirudi kwenye swali. Je, tarumbeta inamfaulisha mtu mtihani? Sitadai kwamba anayepiga tarumbeta atapata alama nzuri katika hesabu. Lakini mtihani si kipimo pekee cha malezi. Mpigaji katika okestra hujifunza kuhesabu kimya kwa muda mrefu ili aingie mahali pake barabara. Hujifunza kwamba akipiga kwa nguvu kuliko wenziwe hajawashinda, amewaharibia. Mimi nimefanya kazi ofisini kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na ninawaambia vijana kwamba mtu anayejua kungoja zamu yake na kuingia kwa wakati ni adimu kuliko mtu mwenye cheti.

Tena tusiseme kwamba hayo yanawezekana kwa matajiri tu. Mwaka 1994 huko Kinshasa, Bwana Armand Diangienda alianzisha okestra ya Wakimbangu. Vyombo vilikuwa vichache hata wapigaji wakapokezana, na uzi wa fidla ulipokatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Okestra ile baadaye ilijulikana duniani kote. Mwaka 2008 huko Korogocho, Nairobi, karibu na jalala la Dandora, ulianzishwa mpango wa Ghetto Classics wa kuwafundisha watoto wa mtaa ule muziki wa okestra. Njombe yenye mahindi, viazi, chai, miwati na mbao haiwezi kujiita maskini kuliko Korogocho.

Hata hivyo, bweni nalo linavuja. Nimelala katika bweni lile, na najua mvua ya Machi inavyoingia. Kijana aliyelowa hawezi kusoma wala kupiga tarumbeta. Kwa hiyo siwaombi mkutano uliache bweni. Naomba jambo dogo zaidi, ambalo nimejifunza kwa Copland na Sontonga.

Wote wawili hawakungoja vyombo kamili. Copland aliandika kwa okestra iliyokuwapo, kwa uwezo wa vijana waliokuwapo. Sontonga aliandika kwa sauti za watoto waliokuwa mbele yake. Sisi hoja yetu tuliipanga kinyume: tulitaka tununue vyombo vyote kwanza, ndipo tutafute muziki wa kupiga. Ndiyo maana gharama zikawatisha watu. Napendekeza tugeuze utaratibu. Sehemu kubwa ya michango na iende kwenye bweni. Sehemu ndogo itumike kwa mambo matatu.

Kwanza, tarumbeta na ngoma zilizoko stoo zikaguliwe na fundi, zinazofaa zitengenezwe, na zisizofaa ziondolewe kwenye orodha ya mali ili tusijidanganye.

Pili, atafutwe mwalimu mtunzi hapa nchini. Tunao watu waliosoma muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Apewe hesabu kamili ya vyombo vilivyopo na ya wanafunzi wenye ujuzi, na aombwe atunge muziki wa ufunguzi wa dakika saba au nane kwa ajili ya hivyo tu. Kama tuna tarumbeta nne, aandike nne. Kwaya iwemo, kwa kuwa kwaya haihitaji kununuliwa. Ikiwa ataona vema kuweka vibuyu vya mganda, na aviweke. Wimbo wa zamani wa mchakamchaka wa shule yetu nao anaweza kuusuka ndani, kama Brahms alivyozisuka nyimbo za wanafunzi wa Breslau. Ila naomba awepo kijana mmoja atakayeachwa peke yake kwa muda, apige wimbo wake mbele ya watu.

Tatu, nakala za muziki huo ziwekwe katika maktaba ya shule, na nyingine zikae kwa katibu wetu wa tawi la Njombe na katibu wa tawi la Makambako. Utaratibu wa ofisi unatufundisha kwamba waraka wenye nakala moja ni waraka uliokwisha kupotea.

Wazee wenzangu, tutakapokaa kupiga kura nawasihi tusichague kati ya paa na sauti kana kwamba moja ni adui wa nyingine. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea akae kimya katika sherehe yake, atakua akingoja wengine wamfanyie.

Nanyi vijana mlioko shuleni, msingoje kura yetu. Miongoni mwenu wapo wanaojua tarumbeta kutoka makwao, na wapo wanaoweza kusoma do-re-mi bila kufundishwa upya. Andikeni majina yenu, mpelekeeni mwalimu wa zamu, na mwombeni ufunguo wa stoo. Mtakapokuja kwenye kamati mkiwa na orodha mkononi, hakuna mjumbe atakayecheka.

Nawatakieni nyote mkutano mwema na safari njema ya kurudi nyumbani.